Tundu Lililokuwa Juu ya Mguu

Nyantakara,
Jumapili jioni.

Kabula,

Salamu za kuulizana hali siziandiki. Nakusikia upande wa pili wa ukuta unapigana na sanduku lisilotaka kufungika, kwa hiyo najua u mzima. Habari za blanketi na dawa ya meno, na usikope kanga za wenzio, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho atakuambia mara ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina hasira, na nimekaa kuandika kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele, na majirani ndio kwanza wameondoka.

Leo mchana, wageni wakiwa bado wana wali mdomoni, ulisimama ukasema unakwenda kusomea uganga wa hospitali ili kijiji hiki kisipate tena mchinjaji kama Theonesti. Watu walishangilia. Mwenyekiti wetu aligonga meza mpaka bakuli la mchuzi likaruka. Na mimi baba yako nilipiga makofi. Hakuna aliyenishika mikono akanilazimisha. Tangu saa ile sijagusa chakula.

Theonesti hakumchinja mama yako. Mguu wa mama yako niliumaliza mimi. Hakukuwa na ubao wala msumari. Umelishwa uongo tangu ukiwa darasa la tano, ukaukuza, na sasa unataka kuupeleka chuoni. Ulikuwa kwa bibi yako Nyamiaga wakati ule, ng'ambo kule Ngara, hukuona kitu. Uliporudi likizo ulikuta mama yako ana gongo kwapani na hadithi iko tayari. Sasa ninakueleza ilivyokuwa, na usinikatize.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa sababu niliacha kuisimulia humu ndani. Nilikuwa, na bado ni, mwosha mitambo katika karakana ya serikali pale Biharamulo mjini. Makatapila na magreda yalirudi kutoka barabarani yamejaa udongo mwekundu na grisi, sisi tukayasafisha kwa ndoo na brashi. Kisha ikaletwa mashine. Ilikuwa injini ya petroli juu ya kigari cha magurudumu mawili, na tangi, na pampu, na mpira mrefu mgumu. Mwisho wa mpira palikuwa na chuma chenye kishikio, tulichokiita bunduki. Ukiminya kishikio, maji yanatoka kwenye tundu dogo kuliko punje ya mtama, na udongo uliokaa mwaka mzima kwenye chuma unabanduka wenyewe. Siku ya kwanza kuishika nilicheka peke yangu. Nilijiona mtu mkubwa.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Mzee Sadiki, mtu wa pale mjini ambaye baba yake alikuja na biashara kutoka pwani. Alinifundisha siku mbili nzima kabla hajaniruhusu kuiwasha. "Sikiliza bwana," aliniambia, "haya si maji ya kunawa. Haya yanapasua. Mbele ya bunduki asisimame mtu, hata mke wa waziri. Usijielekezee mwenyewe, hata kwa mzaha. Na ukiona mpira unavuja, usiupapase kwa kiganja kutafuta palipotoboka. Zima injini kwanza, kisha minya kishikio mpaka yale yaliyobaki ndani yaishe, ndipo uguse." Alinionyesha kipande cha ubao alichokipiga kwa karibu. Kilikuwa na mfereji unaoingia kidole. Nikasema ndiyo mzee, nimeelewa mzee. Na nilielewa kweli, Kabula. Mtu asiyefundishwa namhurumia. Mimi nilifundishwa.

Uwanja wetu huu wa saruji ulikuwa wa kwanza kijijini. Wenzangu walikuwa wanakandika udongo na kupaka samadi, mimi nikatia zege kutoka mlangoni mpaka jikoni, kipande kwa kipande, miaka miwili. Nilivimba kichwa kwa uwanja ule. Lakini kila mvua ikinyesha ulishika kuvu ya kijani, na mtu aliyepita haraka alianguka kifudifudi. Mama yako aliusugua kila Jumamosi kwa mchanga na gunzi, na kila wiki utelezi ulirudi.

Ndipo ikaja habari kwamba babu yako wa Shinyanga anakuja kututembelea. Babu yako huyo hakunitaka. Siku ya posa alisema mbele ya ukoo wake kwamba binti yake anakwenda kupotelea msituni kwa mla ndizi. Miaka kumi na mitatu hakukanyaga kwangu. Sasa alikuwa anakuja, na mimi nikawaza jambo moja tu usiku na mchana: mzee yule akiteleza kwenye uwanja wangu, akaanguka na rungu lake na shuka lake, habari itafika Shinyanga kabla yake. Niliapa hatateleza.

Mashine ilikuwa inapelekwa Nyakanazi kusafisha greda lililokuwa likichimba barabara huko. Dereva wa tipa alikuwa rafiki yangu. Tukaishusha hapa kwetu Alhamisi mchana, ili aipitie Ijumaa asubuhi. Hakuna ambaye angejua. Wakati ule mtu akikutwa hata na koleo la umma nyumbani kwake, jina lake lilisomwa mkutanoni mbele ya wake na watoto, na kazi ilikwisha palepale. Tulikuwa tumeimba sana habari za mali ya wote. Mimi mwenyewe nilikuwa naanzisha wimbo.

Sasa soma taratibu, maana ujinga wenyewe uko hapa, na ni ujinga wa kwetu kabisa. Sisi tunaoshaje sakafu? Tunaosha wawili. Mmoja anamwaga maji, mwingine yuko mbele yake anasugua kwa unyayo, anazungusha gunzi chini ya mguu na kurudi nyuma polepole. Ndivyo mama yangu alivyofanya, ndivyo ulivyolelewa wewe. Nilipowasha injini na maji yakaanza kuchana ile kuvu, mama yako alikunja kitenge akaja mbele yangu kama kila Jumamosi.

"Wewe piga maji, Baba Kabula, mimi nasugua," alisema. "Peke yako hutamaliza, na baba yuko njiani."

Nilipaswa kuzima injini. Nilipaswa kumwambia aingie ndani, afunge mlango, akae huko mpaka nimalize. Nilimwambia, "Sogea kidogo." Akasogea kidogo.

Mimi nilikuwa nimevaa buti za mpira za karakana. Mama yako alikuwa peku. Sikufagia changarawe kwanza, kwa hiyo vijiwe vilikuwa vinaruka na kumpiga miguuni, naye anaruka huku anacheka. Na ndani ya tangi sikutia maji matupu. Kuvu ilikuwa sugu, nikatia ile sabuni kali ya kuondolea grisi, na mafuta ya taa juu yake. Nakuandikia yote kwa sababu yote yaliingia mguuni.

Tulikuwa tumebakiza kipande cha karibu na jikoni. Alikanyaga palipokuwa na povu, mguu wa kushoto ukamponyoka, ukaja mpaka kwenye mdomo wa bunduki. Kati ya chuma na ngozi hapakuwa na nafasi ya shubiri. Niliachia kishikio, lakini nilichelewa.

"Kimenichoma kitu," alisema. "Kama nyuki."

Tukainama kuangalia. Juu ya mguu, nyuma kidogo ya vidole, palikuwa na kitundu kama cha sindano. Damu haikufika hata tone. Nilimwambia, "Hata kuku angekudonoa vibaya zaidi." Akacheka. Tukamaliza kuosha, na uwanja ulitoka mweupe kama siku ulipotiwa. Nilisimama mlangoni nikautazama mpaka jua likazama, huku yeye ndani anauloweka mguu kwenye maji ya chumvi.

Kesho yake tipa lilichukua mashine, na mchana babu yako akafika. Alipita uwanjani na rungu lake, akasimama katikati, akakanyagakanyaga. "Mkwe wangu," akasema, "hapa kwako panang'aa." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka kumi na mitatu. Wakati anayasema, mama yako alikuwa amepiga magoti mbele yake na beseni, anamnawisha mikono, na mguu ameuviringisha kanga chini ya kitenge. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Niliona. Nilijitia sioni, kwa sababu nilikuwa nasifiwa.

Babu yako alikaa siku mbili. Siku mbili, Kabula! Mama yako alipika, aliteka maji, alipiga magoti. Mzee alipoondoka Jumapili mguu ulikuwa hauingii kwenye kiatu chochote, na ngozi yake inawaka. Ndipo nikampeleka zahanati.

Theonesti, mganga wa zahanati yetu, alikuwa kijana mgeni, wa upande wa Bukoba, mwaka wake wa kwanza kazini. Alitoka nje mwenyewe kumshika mkono mama yako. "Shikamoo mama. Pole sana. Imekuwaje?"

Nilijibu mimi. Nikasema, "Alikanyaga msumari."

Akaukalisha mguu pajani kwake, akageuza unyayo, akautazama kwa makini. "Huku chini hapana kitu. Tundu liko juu. Msumari gani unaingilia juu, mzee?"

"Ubao ulimwangukia. Ulikuwa na msumari."

"Ubao huo mnaweza kuniletea?"

"Tumekwisha kuuchoma."

 Akabonyeza mguu, mama yako akalia. Yule kijana akanitazama, na mpaka leo nikifumba macho naona alivyonitazama. "Mzee, jeraha hili silielewi. Tundu ni dogo, uvimbe umefika juu ya kifundo. Hakuna kingine? Nyoka? Dawa ya kienyeji? Mniambie tu, mimi sitamwambia mtu."

Mara tatu aliuliza. Mara tatu nikasema msumari. Mama yako aliniangalia, akanyamaza. Theonesti akamchoma sindano ya pepopunda na nyingine ya penisilini, ndivyo alivyofundishwa kwa mtu wa msumari. Alitibu uongo wangu, na aliutibu vizuri. Akasema turudi kesho asubuhi bila kukosa.

Asubuhi vidole vilikuwa vimebadilika rangi. Akaandika barua ya kwenda hospitali papo hapo, akaniuliza kama karakana yetu inaweza kutoa gari. Ingeweza. Mzee Sadiki asingekataa gari kwa mke wa mfanyakazi wake. Lakini angeutazama mguu ule, na yeye angejua kwa jicho moja tundu lile limetobolewa na nini. Nikamwambia Theonesti magari yote yameharibika. Siku nzima ikapotea. Kesho yake ni yeye, huyo mchinjaji wako, aliyempakia mama yako kwenye baiskeli yake mwenyewe na kuisukuma mpaka barabara kuu, akasimamisha lori la pamba. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mfuko wa nguo.

Hospitali walikata chini ya goti.

Lawama kwa Theonesti sikuianzisha mimi. Nimejiambia hivyo miaka sita, na ni kweli, na haina maana yoyote. Watu walisema tu: aliingia zahanati na kakidonda, akatoka hana mguu. Nilipowasikia sikuwaambia nyamazeni. Kisha mkutano ukaandika barua ya malalamiko wilayani, wakaniletea niwe wa kwanza kutia sahihi kwa kuwa mimi ndiye mwenye msiba. Nilitia sahihi, tena nikauliza kama tarehe iko sawa. Theonesti alihamishwa, akaondolewa kwenye kutibu. Yuko kwenye kituo kidogo cha afya hapo njia panda ya Nyakanazi, anaandika majina ya wagonjwa na kuchemsha sindano za wenzake. Wakati wote huo nilipokuwa nikipita hapo na tipa, nilijikunja chini ya dirisha.

Ungefikiri hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Hapana. Chini kabisa ni mwaka wa vita.

Unakumbuka karakana iligeuka kambi, malori yanapanda kwenda Kagera na kushuka, tope mpaka kwenye vioo. Tuliosha bila kupumzika. Dereva mmoja wa mgambo, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa ananisaidia kuvuta mpira. Akaona unavuja kwenye maungio, na kabla sijapiga kelele ameshaweka kiganja. Akautoa mkono haraka akauangalia. Palikuwa na kitundu kama cha sindano, bila damu. Akaniambia, "Si kitu, tuendelee."

Kabula, nilimbeba. Mtu mzito kuliko mimi, nilimbeba mgongoni anatukana, mpaka kwenye hema la daktari wa jeshi. Nikasema kila kitu. Nikasema ni mashine, ina nguvu ya kuchimba ubao, ndani ina sabuni kali na mafuta ya taa, na imetokea sasa hivi, injini bado ya moto. Daktari hakuuliza mara ya pili. Alimlaza, akakifungua kile kiganja kwa kisu, akakisafisha, akaniambia ningechelewa mpaka kesho mkono ungekwenda.

Yule dereva ana kovu refu na vidole vyake vitano. Bado anaendesha. Alikuja karakana kunishukuru na jogoo, nikampokea, nikaenda nyuma ya ghala nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Kwa sababu sasa nilikuwa najua. Zamani ningeweza kusema labda mguu usingepona hata kama ningesema ukweli. Sasa sikuwa na labda. Mguu wa mama yako ungekuwepo. Ulihitaji neno moja, mashine, nami nikaunyima.

Na baada ya kujua hayo, nilifanya nini? Nilirudi nyumbani nikala yule jogoo. Nikanyamaza mwaka mwingine, mpaka leo mchana uliposimama na gauni lako jipya. Kwa hiyo ukiona hasira katika barua hii, usidhani yote ni yako. Lakini yako ipo. Umemwita mtu mchinjaji, wewe ambaye hujawahi hata kufunga bandeji. Hukuwahi kumwuliza mama yako swali hata moja. Ulipokea hadithi kwa sababu ilikupa mtu wa kumchukia, nami nilikuachia kwa sababu mtu huyo hakuwa mimi.

Hutauliza tena kwa nini uwanja wetu una kuvu kuliko yote kijijini, na kwa nini nilikufokea siku ile ulipotaka kuusugua kwa mguu. Mashine hizi zitaenea. Iko siku watu wataziweka majumbani kwao kuoshea zege la mlangoni, na utakuwa na mume mwenye kichwa kigumu kama changu. Hapo usilegee. Mwambie afagie changarawe kwanza, avae buti, ashike kwa mikono miwili, aanze kwa mbali na asing'ang'anie sehemu moja mpaka saruji iliwe. Injini ikae nje penye upepo. Wewe na watoto muwe ndani, na asiwepo wa kusugua mbele yake, hata kama ndivyo tulivyolelewa. Akisema sogea kidogo, toka kabisa.

Lakini sikukuandikia kwa sababu ya mume ambaye hujampata. Nimekuandikia kwa sababu utakaa kwenye kiti cha Theonesti. Ataletwa mtu mwenye kitundu kidogo, na pembeni yake atakuwepo mtu kama mimi, aliyenyoa ndevu vizuri, anayejibu haraka. Utamjua kwa hiyo haraka. Usibishane naye. Mtoe nje, funga mlango, kisha mwulize mwenye mguu. Theonesti alikuwa na adabu mno kumtoa mume wa mtu nje. Hilo ndilo kosa lake pekee, na hakuna aliyemfundisha. Wewe nimekufundisha.

Kabla ya barua hii nilikuwa nimeandika karatasi nyingine, ya kwake, ili kesho ukibadilisha gari Nyakanazi umpelekee. Nimeichana. Niliisoma nikaona ni uoga uleule, namtuma mwanangu akapokee aibu yangu wakati mimi niko huku nakunywa uji. Kwa hiyo kesho nitapanda na wewe. Nyakanazi tutashuka wote, na nitasema mbele ya watu wa kituo kile, sauti ikisikika. Kisha nitarudi hapa niseme mbele ya mkutano, na karakana wanifanye wanavyotaka. Wewe utasimama usikie, halafu utampa shikamoo ya heshima, ya mwanafunzi kwa mwalimu. Asipoitikia marahaba ana haki, usinune. Gari la Mwanza likikuacha, utapanda la siku inayofuata. Chuo hakitahama.

Sikuombi unisamehe kesho. Kesho una safari.

Baba yako.

Nilikuwa nimekwisha kutia jina, lakini mama yako ameingia, amekaa, akaniambia nimpe. Unajua anavyosoma tangu amalize kisomo cha watu wazima, kwa kidole, neno kwa neno. Amesoma mpaka taa ikahitaji mafuta. Sikuwa na la kufanya, nimekaa namtazama.

Alipofika pale zahanati kidole kilisimama. Akarudia ule mstari mara mbili. Kisha akauliza, "Mimi nilinyamaza?"

Nikamwambia, ndivyo ilivyokuwa.

"Sikunyamaza," amesema. "Yule kijana alipouliza mala ya tatu, nilifungua mdomo. Nilisema, 'Ni ile ma—.' Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ulinibana bega. Ulinibana mpaka likabaki na alama. Andika."

Ni kweli. Nilimbana bega. Miaka sita nimekumbuka kila kitu cha siku ile, rangi ya mlango wa zahanati, mpaka barua hii ya kusema ukweli nikaiandika, na hapo tu nikaandika kwamba alinyamaza. Nimeandika sasa, Kabula, kama alivyosema.

Hakulia. Amenyanyuka na gongo lake, anatafuta kitenge cha safari, maana na yeye anakwenda. Amesema kesho mbele ya Theonesti ataongea yeye kwanza, na mimi nikae mbele anaponiona, nisisimame nyuma yake.